Taa Iliyozimika Haijasema Kitu: Waya za Dashibodi kwenye Lori la Zamani

Malori yanayopakia kahawa na ndizi Rubwera mengi ni Fuso na Isuzu ambayo yameshapita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Kila mmiliki alikuwa na fundi wake, na kila fundi ameacha waya na solotepu yake nyuma ya dashibodi. Dereva anayetoka hapo kwenda Kayanga au Bukoba akiona taa nyekundu zote zimezimika na mshale wa joto umetulia chini, anaamini injini ni nzima. Imani hiyo haina msingi wa kutosha, na sababu iko katika namna kiwanda kilivyofunga waya.

Tuanze na taa ya oili. Umeme unatoka kwenye swichi ya funguo, unapita kwenye globu, kisha unashuka kwa waya mmoja hadi swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Waya wa kurudi haupo, kwa kuwa chuma cha injini na chesisi ndicho kinachorudisha umeme kwenye nega ya betri. Injini ikiwa imezimwa, swichi ile inagusana na bloku, taa inawaka. Ikiwashwa, presha ya oili inasukuma kiwambo ndani ya swichi, mguso unaachana, taa inazimika. Kwa injini nyingi, hilo hutokea presha ikifika kati ya bar 0.3 na 0.5.

Sasa waya ule ukatike, au globu iungue, au soketi iliwe na kutu. Taa itazimika vilevile. Oili ikiwa nzuri, taa imezimika. Waya ukiwa umekatika na oili imekwisha, taa imezimika. Kiwanda kilichagua mfumo huu kwa sababu unatumia waya mmoja na swichi rahisi, na ni uchaguzi wa busara kwa sharti moja: kwamba kila asubuhi mtu ataweka funguo ON bila kupiga stata na kuiona taa ikiwaka. Lori jipya linamsamehe asiyefanya hivyo. Lililotikiswa miaka mingi kwenye vumbi la njia ya Omurushaka kuelekea Murongo halimsamehi.

Geji ya joto ina udhaifu wa aina hiyohiyo. Sensa yake hupunguza ukinzani kadiri maji yanavyopata moto, hivyo umeme mwingi hupita na mshale hupanda. Waya ukichomoka, umeme haupiti, na mshale unalala kwenye baridi. Kuna hatari nyingine isiyohusu waya kabisa: maji yakivuja hadi sensa ikabaki hewani, mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Kwenye mpando wa kutoka Kyaka, bonde la Mto Kagera, hadi vilima vya Karagwe, mshale ulioshuka ghafla lori likiwa na mzigo ni sababu ya kusimama. Na uvujaji huo si wa kupuuza, kwa kuwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 95. Mfuniko wa rejeta uliolegea unakunyang'anya ile akiba uliyodhani unayo.

Geji ya mafuta inahitaji tahadhari kabla ya kupimwa. Magari mengi ya Kijapani na Kiingereza yana boya ambalo ukinzani wake hupungua tangi likijaa, kwa hiyo waya uliokatika unaonyesha tangi tupu. Geji za VDO za Ulaya ni kinyume: takriban omu 10 tangi likiwa tupu, omu 180 likijaa. Fundi asiyejua tofauti hii atanunua geji ya pili na ya tatu bila kutibu chochote.

Mishale miwili ikikosea kwa pamoja na kwa upande mmoja, acha kuchunguza sensa. Magari ya Kiingereza ya zamani, Land Rover Series miongoni mwao, yana kidhibiti kinachoshusha umeme wa geji hadi wastani wa volti 10. Kikipoteza nega, mguso wake haufunguki tena, na geji ya joto na ya mafuta zote zinasoma juu. Dereva anashusha mzigo kwa hofu, kumbe tatizo ni skrubu moja iliyolegea.

Nega ndiyo inayopoteza muda wa mafundi wengi kuliko kitu kingine. Boliti ya nega ya dashibodi ikishika kutu, umeme wa taa unatafuta njia nyingine na kupita ndani ya geji. Dalili yake iko wazi: mishale inacheza kwa mdundo wa indiketa, au inapanda ukiwasha taa kubwa. Hapo weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye nega ya dashibodi, mwingine kwenye nega ya betri, taa zote zikiwa zimewashwa. Ukisoma zaidi ya nusu volti, safisha boliti kwanza, ndipo uzungumze habari ya vipuri.

Taa ya chaji ina kazi ya ziada. Kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme unaopita katika globu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Anayeweka LED mahali pa globu ya kawaida anaweza kupata altaneta isiyoamka hadi injini ivutwe sana. Rudisha globu ya aina na volti ileile. Kwenye Fuso kubwa ya volti 24, ya volti 12 itaungua mara moja.

Taa ya upepo wa breki ni habari fupi. Swichi yake hugusana presha ikishuka, kwa mifumo mingi kati ya bar 4 na 5, na waya ukikatika nayo hunyamaza. Kuna wanaoikata kwa makusudi ili king'ora kisiwasumbue asubuhi wakisubiri upepo ujae. Hilo halina utetezi kwenye miteremko yetu.

Mmiliki, kabla ya kupakia gunia la kwanza, simama mlangoni dereva akiweka funguo ON. Taa ya oili, ya chaji na ya upepo uliokwisha ziwake zote. Isiyowaka itengenezwe Rubwera, lori likiwa bado tupu.