Mtu Juu ya Ubao

Itazame kwa makini, ewe msomaji, picha ya Ghuba ya Kealakekua, Hawaii, iliyochorwa na John Webber, msanii wa safari ya tatu ya Kapteni Cook, na kupigwa chapa London mwaka 1784. Milima, merikebu na mitumbwi vimepangwa kwa ustadi. Mbele, kati ya mitumbwi, yumo mtu amelala kifudifudi juu ya ubao, akipiga maji kwa mikono. Wengi humpita bila kumwona.

Yafaa tumsifu Webber kwa kuwa hakumwacha nje. Lakini bahari yake imetulia mno. Luteni James King, mwenzake wa safari, alieleza kwa maneno jinsi wenyeji walivyoyangojea mawimbi makubwa, wakachukuliwa nayo hadi pwani kwa kasi ya ajabu. Hayo picha haikutuonyesha. Tunauona ubao, wala hatuujui ushujaa wa mwenyewe.

Basi nawe, ukichora wavuvi wa Lamu au Vanga, usitosheke na umbo la ngalawa. Jiulize kwanza: tanga limejaa kusi au kaskazi, na mkono ulioshika usukani unachelea nini?