"Sarafu Fiche" na "Fedha Halali": Istilahi Mbili Zinazohitaji Kusahihishwa

Istilahi "sarafu fiche" imekwisha kuenea magazetini na hata katika nyaraka za ofisi, na pamoja nayo husemwa kwamba nchi fulani "imeihalalisha" na nyingine "imeiharamisha". Kwa maoni yetu matumizi haya yana kasoro mbili.

Kwanza, "fiche" lapotosha. Kinachofichwa ni ufunguo wa mwenye mali. Daftari la miamala ya bitcoin li wazi kwa yeyote atakaye kulisoma. Hata "sarafu" lina mashaka. Sheria ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 2017 ilikiita kitu hiki sarafu. Marekebisho yaliyoanza mwaka 2020 yaliliondoa neno hilo, yakaweka mali. Marekani nayo, kwa madhumuni ya kodi, imekihesabu kuwa mali tangu mwaka 2014.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, "halali" limebebeshwa dhana mbili. Kuna kitu ambacho sheria haimkatazi mtu kuwa nacho. Na kuna fedha ambayo sheria humtaka anayelipwa aipokee. Sheria ya El Salvador iliyoanza tarehe 7 Septemba 2021 iliwalazimisha wafanyabiashara kupokea bitcoin. Mwaka 2025 ulazima huo uliondolewa, lakini kuimiliki hakukukatazwa. China, mwezi huohuo wa Septemba 2021, ilitangaza kuwa biashara yote ya vitu hivi ni kinyume cha sheria. Nchini Uingereza hakuna ulazima wa kuipokea, wala kuwa nayo si kosa. Kwetu Tanzania, mwaka 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba fedha halali ni shilingi pekee, ikaonya dhidi ya biashara hii. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikatoza kodi uhamishaji wa mali ya kidijitali.

Mfasiri akiandika "si halali" kwa hali zote hizi, karani atadhani kila mwenye mali hiyo ni mhalifu, na mwananchi ataumia kwa kosa la kamusi.

Twapendekeza "mali ya kidijitali" badala ya "sarafu fiche". Ni pana kidogo, lakini haidanganyi. Fedha isiyokataliwa na iitwe "fedha ya lazima". "Halali" libaki na maana yake ya asili: lisilokatazwa. Walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi kazini, kisha watuandikie.