Nyika Isiyo na Watu: Picha na Ngano katika Upare

Picha haina kinywa, lakini huaminiwa upesi kuliko maneno. Msimulizi huulizwa aliona wapi. Mchoraji haulizwi, maana mtazamaji hudhani amekwisha kuona mwenyewe. Kwa hiyo ngano nyingi juu ya ukingo wa nchi, mahali mashamba yanapokoma na nyika kuanza, zimeenezwa na picha zaidi kuliko hadithi.

Mfano mashuhuri ni wa Marekani. Mwaka 1871 Thomas Moran alifuatana na wapelelezi wa nchi hadi Yellowstone. Mwaka 1872 nchi ile ilifanywa hifadhi ya taifa, na Bunge likanunua picha yake kubwa ya bonde lile kwa dola 10,000. Watu wamo katika picha hiyo, lakini ni wadogo kama sisimizi mbele ya magenge: huonekana kama wapita njia, si wenye nchi. Huku kwetu, filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti ilitoka mwaka 1959, mwaka ule ule Wamasai walipoondoka katika hifadhi hiyo. Filamu haikuwaondoa, kwa kuwa shauri lilikuwa limekwisha kukatwa. Bali ilisaidia kufanya kutokuwapo kwao kuonekane jambo la maumbile.

Sasa na tutazame Same. Nyuma ya Milima ya Pare, kuelekea Kenya, imetandaa nyika ya Mkomazi, yenye kilometa za mraba zaidi ya 3,200. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1951 na hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mwaka 1988 wafugaji waliamriwa kutoka. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri lao likafika Mahakama ya Rufani, iliyotoa hukumu mwaka 1999. Picha zinazoitangaza nyika hii humwonyesha mgeni tembo, kifaru, na Kilimanjaro kwa mbali. Hazisemi uongo: vifaru weusi waliletwa kutoka Afrika Kusini tangu mwaka 1997, baada ya majangili kuwamaliza waliokuwapo, na picha hizo zimewavuta wafadhili. Lakini kweli iliyokatwa nusu huweza kudhulumu kama uongo. Jina lenyewe, kama lielezwavyo, ni la Kipare: mko ni kijiko, mazi ni maji. Kijiko ni chombo cha mkono wa mtu. Aliyeipa nyika jina hilo alikuwa ameitafuta riziki yake humo kabla ya kamera kufika.

Je, wachoraji wetu wamesahihisha ngano hii? Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitupa wanyama wenye uhai na mzaha. Katika vibao vyake vingi mnyama hujaza nafasi yote, bila boma wala njia. Hilo si kosa la ufundi. Ni ndoto, na ndoto haidai kuwa ramani. Kosa huzaliwa sokoni, mnunuzi anapoichukulia ndoto kuwa habari za nchi, na wafuasi wa fundi wanapoirudia kwa kuwa ndiyo inayouzika.

Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alishika njia nyingine. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Mlima wake una migomba, kazi na jamaa. Huenda watu wake hawana umbo la ustadi wa darasani, lakini hakuna awezaye kuutazama mlima huo akasema hauna mwenyewe.

Upare wastahili mkono kama huo. Una ndiva zinazokinga maji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi. Una habari za wahunzi ambao chuma chao kilitafutwa na majirani. Una malisho yaliyogombaniwa mahakamani. Mchoraji atakayeviweka vitu hivi pamoja na tembo katika picha moja hatampunguzia tembo utukufu wake. Atamrudishia mtu mahali pake, na hakimu, mtalii na mtoto wa shule watajua kwamba nyika ni nchi yenye historia.