Kimya cha mpimaji: altrasaundi katika filamu, katika shairi, na chumbani

Kuna tukio ambalo filamu za Marekani zimelizoea mno. Mama mjamzito kalala kitandani, tumbo wazi. Anapakwa jeli, anashtuka kwa ubaridi wake. Skrini inawaka, moyo unadunda, mume anamshika mkono, machozi yanawatoka. Dakika moja tu, kisha tunahamia dukani wanakonunua kitanda cha mtoto.

Niliiamini picha hiyo hadi mwaka jana, siku mimi na mke wangu tulipokwenda kupiga altrasaundi ya kwanza katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Mimba ilikuwa ya wiki 12. Ile ya kabla yake ilitoka ikiwa na wiki tisa, kwa hiyo safari hii hatukuwa tumemwambia mtu, hata mama mkwe. Mke wangu alikuwa amekunywa lita nzima ya maji kama alivyoagizwa, na foleni ilikuwa ndefu, yaani hata kukaa kwenye benchi ilikuwa shida. Tulipoingia, mpimaji alimpaka jeli, akaweka kile kifaa tumboni, akatazama skrini. Akanyamaza.

Skrini ilikuwa imeelekezwa kwake. Mimi niliiona kwa ubavuni tu, kijivu juu ya kijivu, kama runinga ya zamani iliyokosa mawimbi.

"Dokta, mbona kimya?" mke wangu akauliza.

"Subiri kidogo, mama. Usitikisike."

Kimya kile hakuna filamu iliyoniandaa nacho. Tangu siku hiyo kila nikitazama au nikisoma habari za mimba najiuliza: nani amekiandika?

Nianze na filamu mbili za mwaka 2007. Katika Knocked Up ya Judd Apatow, Alison na Ben hawajuani vizuri. Mimba ni ya usiku mmoja. Daktari anawaonyesha moyo unaopiga na Alison anaangua kilio. Ni kilio kizuri kwa sababu si cha furaha. Skrini imemthibitishia jambo alilokuwa akiomba lisiwe kweli. Hapo nampa Apatow sifa yake. Lakini hata yeye anaichukulia skrini kama dirisha: ukitazama, umeona. Daktari kazi yake ni kunyoosha kidole tu.

Juno, iliyoandikwa na Diablo Cody na kuongozwa na Jason Reitman, inakwenda mbali zaidi. Juno ana miaka 16, na chumbani ameingia na mama yake wa kambo, Bren, pamoja na rafiki yake Leah. Kijana aliyempa mimba hayupo. Mpimaji anajiachia kutoa maoni yake juu ya wasichana wadogo wanaozaa, na Bren anamshukia kwa maneno. Wengi wanalikumbuka tukio hili kwa jinsi mpimaji alivyoshushuliwa. Mimi nalipenda kwa sababu mwandishi amemwona mpimaji kuwa ni mtu, mwenye mamlaka, ambaye neno lake linaweza kukuumiza ukiwa umelala chali. Hata hivyo ugomvi wao ni wa maadili. Kuhusu mtoto hakuna shaka. Hakuna anayeuliza kama moyo upo.

Anayeuliza ni mshairi. Kathleen Jamie wa Uskoti alichapisha mkusanyo uitwao Jizzen mwaka 1999. Jina lenyewe ni neno la Kiskoti lenye maana ya kitanda cha uzazi. Humo kuna mfululizo wa mashairi mafupi uitwao "Ultrasound". Shairi la kwanza linaazima wimbo wa zamani wa Robert Burns, ule ambao msichana anamwahidi mpenzi wake kwamba akipiga mluzi tu, yeye atakuja. Ila M. R. James aliwahi kulichukua jina la wimbo huohuo kwa hadithi ya mzimu, mwaka 1904, na kwa Jamie mapenzi na mzimu vimekaa pamoja. Anayeitwa kwa mluzi ni mtu ambaye hajafika bado, na anayeita hana hakika ya kitakachokuja.

Kisha mshairi anakifananisha kipimo na kipawa cha kuona yajayo. Msomaji wa Uskoti anajua uzito wa mfano huo, maana katika simulizi za milimani kwao wenye kipawa hicho mara nyingi waliona vifo na mazishi. Kwa hiyo furaha ya mama katika shairi inatembea na hofu bega kwa bega, na shairi haliwatenganishi ili kuturidhisha. Nililisoma miezi mitatu baada ya siku yetu pale hospitali, nikasema, kumbe huyu alikuwemo chumbani.

Na si ajabu kwamba ni Mskoti. Altrasaundi ya uzazi ilianzia Glasgow. Katikati ya miaka ya 1950, daktari Ian Donald alipeleka sampuli za uvimbe kwenye kiwanda cha maboila huko Renfrew ili azijaribu kwa mashine iliyokuwa ikitafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1958, yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown walichapisha matokeo ya kazi yao katika jarida la The Lancet. Asili ya mashine hii, basi, ni kutafuta kasoro. Filamu zimeifanya kamera ya ukumbusho, lakini mpimaji anaponyamaza anafanya kazi ileile ya kiwandani: anatafuta ufa.

Nikipekua rafu yangu ya Kiswahili, naona mimba imeandikwa kwa nguvu nyingi. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi ni siri na mzigo wa msichana. Katika Kufikirika ya Shaaban Robert, kabla hata mimba haijatungwa, nchi nzima inahangaikia mrithi, na watabiri nao wanaitwa kwenye shughuli. Watabiri wale ndio jirani wa karibu wa mpimaji wetu: mtu anayesoma kile ambacho wazazi hawawezi kukisoma. Lakini mume na mke wanaomtaka mtoto, wamekaa na mpimaji asiyesema, hao bado nawasubiri.

Maana kilichotusumbua siku ile kilikuwa ni kusoma. Picha tulikuwa nayo mbele yetu na haikutwambia kitu. Tulimsoma mpimaji badala yake, nyusi zake, vidole vyake kwenye vitufe.

Mwishowe aligeuza skrini. "Huyu hapa. Mapigo 158 kwa dakika. Yuko vizuri." Mke wangu hakulia. Aliuliza kama sasa anaweza kwenda chooni.

Mtoto ana miezi minne. Ile karatasi ya altrasaundi imeanza kufifia, na mama mkwe kila akiishika huigeuza juu chini na kuuliza kichwa kiko wapi. Anayetaka kukiandika chumba kile kwa Kiswahili aweke na ile lita ya maji, na asiwe na haraka ya kumfanya mpimaji aseme.