Wakati wa Kusema Kweli katika Kusadikika

Riwaya ya Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert husomwa mara nyingi kama kisa cha ukweli kuushinda uongo. Usomaji huo haujitoshelezi. Wajumbe sita waliotumwa nchi za nje walirejea na habari zenye manufaa, wakatiwa gerezani. Karama, aliyezirudia habari zizo hizo, aliachiwa huru. Tofauti yao haimo katika uaminifu, bali katika wakati na namna ya kusema.

Karama anazungumza akiwa mshtakiwa wa Majivuno, baraza likiwa limempa nafasi ya kujitetea. Halalamikii dhiki yake. Anasimulia ya wajumbe, mmoja baada ya mwingine, hadi wasikilizaji wajihukumu wenyewe. Mwandishi naye, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliiweka nchi yake angani.

Hata hivyo, suluhisho hilo lina udhaifu: linamtegemea mfalme aliye radhi kusikia. Busara ya msemaji haitoshi pasipo sheria ya kumlinda. Nchi inayowaadhibu wajumbe wake kwa waliyoyaona hatimaye husalia na washauri waliohitimu katika kunyamaza.