Mshipa Upi?

Mamba, juu milimani Upare, wilayani Same, inasifika kwa tangawizi. Mgonjwa wa huko huanzia zahanati, na hali ikiwa ngumu hushushwa kwa rufaa hadi hospitali ya wilaya, pengine hadi hospitali ya KCMC, Moshi. Tuseme tumbo lake limejaa maji, ini limevimba na ubavu wa kulia unauma. Faili linaweza kufungwa kwa R18, msimbo wa maji tumboni katika ICD-10, yaani Ainisho la Kimataifa la Magonjwa. Lakini maji tumboni ni dalili tu. Kichocho huyaleta, homa ya ini huyaleta, kifua kikuu na moyo dhaifu vilevile.

Mara chache sana chanzo ni mshipa.

Wapare wenye ndiva, mabwawa yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili yamwagilie mashamba mchana, wanajua tundu la kutolea likiziba bwawa hufanya nini. Ini nalo hupokea damu kwa njia mbili. Vena ya lango peke yake huleta takriban robo tatu. Damu yote hutoka kupitia vena za ini, tatu zikiwa kubwa, na kuingia vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Zikiziba, huo ni ugonjwa wa Budd-Chiari, ulioitwa kwa majina ya Mwingereza George Budd, aliyeueleza mwaka 1845, na Hans Chiari wa Austria, aliyeuchambua mwaka 1899.

Mpimaji mzuri wa ultrasaundi ya Dopla hatosheki na ukubwa wa ini. Hufuatilia damu inaelekea wapi. Huchungulia pia kipande cha nyuma ya ini, ambacho kina vijishipa vyake vinavyomwaga moja kwa moja kwenye vena kava. Mara nyingi hicho hunenepa huku sehemu nyingine zikinywea.

Kisha faili humfikia mtunza kumbukumbu. Daktari akiandika tu "mishipa ya ini imeziba", mtu huyu habahatishi. Hurudi wodini kuuliza. Vena kubwa za kutolea damu ni I82.0, katika sura ya mzunguko wa damu. Vena ya lango ni I81. Vijishipa vidogo ndani ya ini ni K76.5, katika sura ya mmeng'enyo, na hapo hushukiwa sumu. Huko Tigray, Ethiopia, kuanzia mwaka 2001 wanakijiji walivimba matumbo na kufa. Miaka ilipita kabla wachunguzi hawajauhusisha ugonjwa huo na sumu ya magugu yaliyochanganyika na nafaka. Wagonjwa wa namna hiyo wakichanganywa na wengine chini ya R18, hakuna takwimu itakayowakutanisha.

ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyaweka maradhi ya mishipa ya ini chini ya kichwa kimoja, DB98. Ndani yake kila ugonjwa bado una namba yake, kwa hiyo mtunza kumbukumbu bado atapanda wodini kuuliza ni mshipa upi.