Kitenzi "två" cha Kiswidi: Asili na Sarufi Yake

Katika Kiswidi kuna kitenzi kikongwe, två, maana yake kuosha. Siku hizi ni nadra kusikika, ila katika lugha ya vitabuni na katika msemo två sina händer, yaani kunawa mikono kama Pilato, kujitoa katika lawama. Kufua na kuosha kwa kila siku kumeshikwa na tvätta. Ni rahisi kudhani kwamba två kilishindwa kwa sababu kinafanana na två ya hesabu, yaani mbili. Hoja hiyo haitoshi.

Kweli, två händer yaweza kuwa "mikono miwili" au "kunawa mikono". Lakini mgongano huo hauonekani katika tvår, "anaosha", wala katika tvådde, "aliosha".

Yafaa tutazame asili. Kigothi cha Biblia ya Wulfila, ya karne ya 4, kina þwahan. Nakala yake mashuhuri, Codex Argenteus, imo Uppsala tangu 1669. Lugha ya kale ya Iceland ilisema þvá, kwa wakati uliopita þó, na kwa kitu kilichooshwa þveginn. Wakati ulionyeshwa kwa kugeuza irabu ya mzizi, si kwa kuongeza kiambishi. Baadaye Kiswidi kilichukua -dde, kikapata tvådde. Lakini tvagen, "-liooshwa", imehifadhi umbo la kale. Iceland nako leo husemwa þvoði, na bado þveginn. Na huko kitenzi hiki ki hai, watu hukitumia hata kwa nguo.

Basi kugeuka kwa sarufi peke yake hakukukiua. Kilichokiondoa ni tvätta, kitenzi cha ukoo ule ule, chenye mnyambuliko mwepesi wa -ade. Nguo zilizofuliwa kwa maji ya majivu nazo zilikuwa na kitenzi chao, byka, kilichotoka Kijerumani cha Kaskazini. Två kilibanwa pande mbili, kikabakiwa na mikono. Hata hivyo ukoo wake haukutoweka: tvål, yaani sabuni, ni wa mzizi huo huo.

Kwa hiyo mtunga kamusi akiandika "två: kuosha" na kuishia hapo, amemnyima msomaji jambo kubwa. Kiswahili hutenga kufua nguo, kunawa mikono, kuoga mwili na kuosha vyombo. Byka ni kufua. Två ya msemo ule ni kunawa, wala si vinginevyo.